Uso Chini ya Kinyago cha Baba Tanuru

Wapenzi wa filamu ile wanakubaliana kwamba ina kasoro tatu. Ya kwanza ni dakika arobaini za mwanzo, ambapo vijana wamekaa ndani ya gari wakisimuliana mambo ambayo aliyeziona filamu zilizotangulia anayajua, na ambaye hakuziona hayamsaidii. Ya pili ni ziwa. Bonde la Monongahela, Pennsylvania, ilikopigwa, lina mto, lina viwanda vya chuma vilivyokufa, lina vilima vyenye nyumba zilizobanana kama meno, lakini ziwa halina. Katika filamu, ziwa kubwa lenye ukungu liko nyuma tu ya kiwanda, kana kwamba limeletwa kwa lori asubuhi ile. Ya tatu ni mwisho wake. Baada ya pigano zuri kuliko yote, kinyago cha Baba Tanuru, zimwi la filamu hiyo, kinaanguka, na chini yake hakuna uso. Kuna moshi tu. Watu wamebishana miaka mingi juu ya moshi ule. Wako wanaosema ni fumbo kubwa la maisha, na wako wanaosema mtengenezaji alichoka. Watu wa Harlan Ferry, mji wa bonde lile, wanajua. Hawasemi.

Aliyeuleta moshi ule ni mwanamke ambaye mpaka anatimiza miaka sitini na tisa hakuwa ameona filamu ya kutisha hata moja.

Ludmila Kostelnik alifundisha Kilatini na fasihi katika sekondari ya mji kwa miaka thelathini na mmoja. Nusu ya watu wazima wa Harlan Ferry walipita mikononi mwake, na hata leo fundi bomba mwenye mvi akikutana naye dukani huficha pakiti ya sigara. Jina la Kostelnik hakuzaliwa nalo, aliolewa nalo, na labda ndiyo sababu alilitunza kuliko waliozaliwa nalo. Baba mkwe wake, aliyetoka Slovakia na sanduku la mbao na randa mbili, ndiye aliyetengeneza mabenchi ya kanisa. Kwenye benchi la tatu, upande wa kushoto, alichonga jina lake chini ya kiti, mahali ambapo hulioni mpaka upige magoti na kuinama. "Kostelnik hajionyeshi," Ludmila alikuwa akimwambia binti yake Paulette. "Anayetaka kulisoma jina letu na apige magoti."

Mumewe Emil alikuwa fundi kalibu kiwandani. Kabla chuma hakijayeyushwa na kumiminwa, lazima awepo mtu wa kuchonga umbo lake kwa mbao, na mtu huyo alikuwa Emil. Kiwanda kilipofungwa, mwaka 1982, alirudi nyumbani na kisanduku chake cha patasi na kukaa mezani jikoni miezi kumi na minne akitazama mikono yake. Kisha watu wa filamu wakaja kukodi kiwanda kitupu. Walikuwa na hadithi ya mfanyakazi aliyesukumwa na meneja wake ndani ya chuma kinachochemka, akarudi. Walichokuwa hawana ni uso wake. Emil alikuwa amewaona watu waliounguzwa na chuma, wawili kati yao akawabeba kwa mikono yake. Aliwatengenezea uso ule kwa siku kumi na moja.

Bonde zima lilimpenda Baba Tanuru. "Mazimwi ya wenzetu yanaua vijana waliokwenda kambini kuogelea," alikuwa akisema Stan Dzurko, rafiki wa Emil tangu kiwandani na baba wa ubatizo wa Paulette. "La kwetu linaua mameneja. Sasa wewe niambie, kosa liko wapi?" Zilitengenezwa filamu saba, na zote Emil alizifanyia kazi katika chumba chake cha chini, Stan akiwa msaidizi wake.

Ludmila hakuziangalia. Walimu wenzake walipouliza, alijibu kwamba mumewe ni fundi kalibu, basi. Lakini kulikuwa na sehemu moja ya kazi ile aliyoifanya mwenyewe, na hakukubali mtu mwingine aifanye. Kinyago hujengwa juu ya umbo la uso wa mtu halisi, na umbo hilo hupatikana kwa kumpaka mtu plasta uso mzima, macho yamefungwa, mdomo umefungwa, mirija miwili puani. Kwa dakika ishirini hasikii vizuri, haoni, hasemi. Kwa hiyo lazima pawe na wa kumshika mkono. Akibana mara moja, yuko salama. Akibana mara mbili, plasta itoke upesi. Emil alijaribia plasta kwenye uso wake mwenyewe kila mara, na kila mara mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Ludmila. Hapo ndipo alipojua kwamba mumewe hawezi kumficha kitu. Mkono hausemi uongo, alijiambia.

Emil alifariki Januari mwaka 2003, kwa mapafu. Ludmila aliandika tanzia ya gazeti kwa mkono wake. Aliandika kwamba alikuwa fundi kalibu, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, mume, baba. Vinyago hakuvitaja. Stan aliisoma tanzia ile mlangoni, siku ya maziko, akalikunja gazeti akalitia mfukoni.

Mwaka mmoja baadaye, Stan alikuja na mkate wa njugu uliookwa na mkewe.

"Mkate wa nini?" Ludmila akauliza. "Krismasi imepita na Pasaka bado."

"Shemeji, mtu hawezi kuja kukusalimia?"

"Anaweza. Lakini wewe ukija kusalimia huja mikono mitupu. Kaa, sema."

Stan akasema. Kampuni yenye filamu za Baba Tanuru ilikuwa imepatana na wale wa Ontario wenye Bibi Harusi wa Ziwa, zimwi la kike linaloburuta shela yenye magugu maji. Yatapigana katika filamu moja. Kalibu ya kampuni ilikuwa imepasuka katika ghala, na iliyobaki duniani ilikuwa moja tu, chini ya shuka, ndani ya nyumba ile.

"Wasipoipata watafanyaje?"

"Watanunua sura ya plastiki. Baba Tanuru atafanana na bakuli la kachumbari. Shemeji, yule Bibi Harusi atatucheka."

Ludmila alicheka bila kupenda. Akakata mkate, akaweka kahawa, na ndipo akatoa sharti lake. "Kalibu utaichukua. Lakini jina la Kostelnik lisionekane popote. Na mambo ya Emil mwenyewe yasiguswe. Alikuwa mtu wa watu, anaimba kanisani. Sitaki wajukuu wangu waulizwe shuleni kama babu yao ndiye muuaji. Nipe neno lako, Stan."

Stan akanyoosha mkono juu ya meza. "Neno langu unalo."

Ludmila aliushika. Baadaye alikumbuka kwamba ulikuwa na jasho, naye alidhani ni kahawa.

Filamu ilipokamilika, kampuni iliamua kuwaonyesha watu wa bonde kabla ya nchi nzima, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamelipwa kutembea nyuma ya pazia la moto wakipiga mayowe. Ilikuwa Jumamosi moja ya Februari, mwaka uliofuata, saa tisa alasiri, katika sinema kongwe ya mtaa mkubwa. Ludmila hakutaka kwenda. Agnes Vrabel, ambaye Ijumaa zote za Kwaresima hukunja naye pirogi za viazi na jibini katika jiko la kanisa, ndiye aliyemburuta.

"Mwalimu, mimi nimo humo," Agnes alisema. "Nimekufa dakika ya sitini na mbili. Utakosa maziko yangu?"

Waliketi safu ya sita, Paulette kushoto, Agnes kulia na bisi magotini. Dakika za mwanzo Ludmila alikaa kama mtu anayesahihisha mtihani. Kisha likatokea ziwa nyuma ya kiwanda.

"Ziwa gani hilo?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Hapo si kwa Petro, anapouza matairi?"

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko, na Ludmila akajikuta yumo. Agnes alipokufa, akizama na ndoo ya pirogi mkononi, watu walisimama wakampigia makofi, naye akainuka kwenye kiti akainama kushukuru. Hadithi haikuwa na kichwa wala miguu. Hakuna aliyeeleza kwa nini zimwi la Kanada lije Pennsylvania, wala kwa nini polisi mmoja awe na ndevu upande huu wa daraja na asiwe nazo upande wa pili. Lakini mazimwi yale mawili yalipokutana, chuma chekundu kikashuka ndani ya maji na mvuke ukapanda mpaka juu ya kiwanda kile kile alichofanyia kazi Emil, Ludmila alishika mkono wa kiti. Bibi Harusi alimzungushia Baba Tanuru shela shingoni. Baba Tanuru alimtupia mlango wa tanuru.

"Mpige!" Ludmila alisikia sauti ikisema, na sauti ilikuwa yake.

"Mama!" Paulette akasema, akicheka.

"Nyamaza wewe, anamzamisha."

Kisha kinyago kikapasuka. Kilianguka vipande viwili majini, taratibu, na kamera ikasogea karibu na aliyekuwa chini yake. Alikuwa Emil.

Hakuwa mtu aliyefanana na Emil. Kovu lilikuwepo juu ya nyusi ya kushoto, pale patasi iliporuka mwaka 1967. Pua ilikuwepo, iliyoegemea kidogo kulia kama mtu anayesikiliza. Mashavu yalikuwa yale ya mwisho, ya mgonjwa, aliyoyanyoa yeye Ludmila kwa wembe na maji ya uvuguvugu. Macho yalikuwa yamefungwa. Uso ulizama polepole ndani ya maji ya kijani. Mtu mmoja nyuma akavua kofia. Majina yakaanza kupanda kwenye pazia, na la kwanza kabisa, peke yake, lilisema kwamba uso wa Baba Tanuru ni kazi ya Emil Kostelnik.

Watu walisimama. Walipiga makofi wakigeuka upande wa safu ya sita, na wengine walilia. Ludmila alikaa, mkoba magotini, amekauka kama benchi. Kilichomuuma kwanza ni kwamba alikuwa ametoka kucheka.

Stan alikuwa akimsubiri ukumbi wa nje, karibu na mashine ya bisi, amevaa tai aliyoivaa kwenye maziko.

"Shemeji, umeona walivyosimama?"

"Nimeona. Ulinipa neno lako mezani kwangu, juu ya mkate wa mkeo."

"Sikiliza kwanza."

"Kuna nini tena mfukoni mwako, Stan? Mkono wako hautoki humo."

Alitoa karatasi. Kampuni ilihitaji saini ya mrithi ili itumie uso wa marehemu. Bila saini hiyo ifikapo Jumatatu, ingebidi uondolewe kabla filamu haijaenda kwenye kumbi nyingine.

Ludmila aliisoma yote, kama anavyosoma kila kitu, mpaka maandishi madogo ya chini. Kisha akaelewa, akaitia mkobani. "Umewaonyesha kwanza, halafu ndiyo uniombe. Ulitaka mji mzima usimame upige makofi, ili nikikataa nionekane mchawi."

Agnes, aliyekuwa amesogea, akarudi nyuma na bisi zake.

"Ulipata wapi uso wake? Mimi nilikupa kalibu ya kinyago. Uso sikukupa."

"Alinipa mwenyewe," Stan akasema.

Gereji ya Stan ilikuwa mitaa miwili kutoka pale, nao walitembea hadi huko, Paulette akiwafuata. Umbo la plasta lilikuwa juu ya meza ya kazi, limefunikwa kwa taulo safi. Mafundi wa vinyago wana desturi yao: hutia jina kwa ndani, upande wenye shimo, ambao hakuna mtazamaji atakayeuona. Stan aliligeuza. Mwandiko ulikuwa umekwaruzwa kwa msumari, na Ludmila aliujua kabla hajavaa miwani.

*Kwa siku watakayomvua kinyago. Stan, usimwambie Ludmila. E.K., Desemba 2002.*

"Desemba," Ludmila akasema. "Desemba alikuwa akipanda ngazi kwa shida."

"Ile wiki aliyokwambia anatengeneza boila ya kanisa."

"Nilimfungia supu. Nilimfungia supu kwenye chupa ya kahawa, akaenda nayo."

"Ilikuwa tamu," Stan akasema, kisha akaona alichokisema.

Paulette alianza kulia. Ludmila hakulia. Alikuwa akitazama kovu la nyusi.

"Nani alimshika mkono?"

"Mimi."

"Na mapafu yale, dakika ishirini, mirija miwili. Alibana mara ngapi?"

"Mara moja," Stan akasema. "Alibana mara moja, hakuachia mpaka mwisho. Shemeji, alisema miaka yote ile mkewe aliwafundisha watoto wa watu majina ya Warumi waliokufa, na lake yeye halitajulikana. Hakukasirika. Alisema tu. Kisha akasema ukijua utamkataza, naye hajawahi kukuvunjia neno."

"Kwa hiyo akanivunjia nyuma ya mgongo wangu."

"Na tanzia je?" Stan akasema, sauti ikapanda kwa mara ya kwanza. "Wewe uliandika nini kwenye tanzia? Miaka ishirini ya mikono yake, hata mstari mmoja? Nimekaa na lile gazeti miaka miwili."

Neno hilo lilimwingia. Ludmila aliifunika plasta kwa taulo, akaibeba kifuani kwa mikono miwili, akatoka. Stan hakumzuia.

Jumapili, kwa mara ya kwanza tangu maziko, hakwenda makaburini. Paulette alipika, akaosha vyombo, akazunguka zunguka, mwisho akasema, "Mama, Baba alitaka. Si ungemwachia tu?"

"Baba yako alitaka na sigara."

"Watu walilia, Mama. Walimheshimu."

"Walimheshimu, ndiyo. Na nchi nzima itakula bisi ikimtazama mume wangu anavyokufa. Mimi nilimwona akifa. Hakuwa na taa za kijani." Akavua miwani. "Aliniambia boila, Paulette. Miaka arobaini na mbili. Nilidhani mkono wake nilikuwa nao mimi peke yangu."

Usiku ulipoingia alikuwa tayari amelala. Jumatatu asubuhi aliamka, akavaa gauni la kijivu la siku za mitihani, akampigia Stan simu aje. Alimkaribisha hadi jikoni lakini hakuweka kahawa, na Stan akajua.

Karatasi ilikuwa mezani, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Pale palipotaja uso wa marehemu palikuwa na mstari ulionyooka, na pembeni neno moja, *hapana*. Pale palipotaja jina lake kwenye orodha ya waliofanya kazi, Ludmila alikuwa ameongeza kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Emil Kostelnik, fundi kalibu na mtengeneza vinyago*. Chini yake, saini.

"Jina liende," alisema. "Nililificha mimi, na kosa hilo ni langu. Lakini uso si kazi ya mikono yake. Uso ule niliunyoa mimi, niliubusu mimi, niliufumba macho mimi. Hakuwa na ruhusa ya kuugawa bila kuniuliza, na wewe hukuwa na ruhusa ya kuupokea."

"Watafanyaje sasa? Kinyago kishaanguka, lazima pawe na kitu chini yake."

"Wewe ni fundi. Weka moshi."

Stan aliikunja karatasi. Mlangoni aligeuka. "Krismasi, shemeji. Paulette ni mtoto wangu wa ubatizo. Nitakuja?"

"Paulette ana nyumba yake. Nenda kwake." Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza, kama mtu mwenye adabu zake.

Filamu ikaenda nchi nzima na moshi wake. Magazeti yaliisema vibaya na watu wakajaa kuitazama, wanaitazama mpaka leo, wakicheka penye ziwa na kupiga kelele penye mvuke. Mara kwa mara kijana fulani husafiri kutoka mbali hadi Harlan Ferry kuwauliza wenyeji kama ni kweli kulikuwa na uso. Agnes Vrabel humuuzia pirogi na kumwambia hajui, yeye alikuwa ameshakufa dakika ya sitini na mbili.

Ludmila alirudi makaburini Mei. Alikaa miezi mitatu bila kumpelekea Emil hata ua moja, na alipompelekea alimwambia sababu, kwa sauti, mbele ya mtunza makaburi. Gazetini alilipia tanzia ya pili, fupi, yenye neno ambalo ya kwanza haikuwa nalo.

Na ule uso wa plasta uko katika kabati la vyombo vya wageni, rafu ya juu, kati ya bakuli la supu na sahani za harusi. Macho umefumba. Kila Jumamosi Ludmila huupangusa vumbi kwa kitambaa laini, nyusi, pua, mashavu. Akimaliza huurudisha vile vile alivyouweka siku ile ya kwanza, ukitazama ukuta.